Jua Linapozama Saa Tisa Alasiri
Kijitabu cha familia kuhusu sonona ya majira ya baridi

Kijitabu hiki ni cha familia zinazozungumza Kiswahili na kuishi nchi za kaskazini: Norway, Sweden, Ufini, Uingereza, Kanada na Marekani. Kisomeni pamoja mwezi Septemba. Ugonjwa unaoelezwa humu huja kwa msimu, kwa hiyo hata maandalizi yake yana msimu.

Giza hufanya nini mwilini?

Dar es Salaam, mchana mrefu kuliko yote katika mwaka hauuzidi ule mfupi kuliko yote hata kwa saa moja. Oslo, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza saa tatu na robo asubuhi na kuzama saa tisa na robo alasiri. Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halionekani kabisa tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Anayefanya usafi ofisini au kuhudumia wazee anaweza kwenda kazini gizani na kurudi gizani juma zima.

Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni huujulisha ubongo kwamba kumekucha. Ubongo hupunguza melatonini, homoni ya usingizi, na kupanga saa za njaa, za kazi na za kulala. Mwanga ukipungua, mpangilio huo huvurugika, na kwa baadhi ya watu moyo nao huzama. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake waliueleza ugonjwa huu kitaalamu huko Marekani. Rosenthal alizaliwa Afrika Kusini, na alikuwa ameona mwenyewe jinsi alivyozorota kila msimu wa baridi baada ya kuhamia New York.

Huu si uvivu, si upungufu wa imani, wala si kurogwa.

Dalili

- Kulala sana na bado kuamka umechoka.
- Kutamani mno ugali, mikate, chapati na vitu vitamu, na uzito kuongezeka.
- Kuacha mambo uliyoyapenda: kwaya, mpira, kupiga simu nyumbani.
- Kujitenga, na kushindwa kutuliza akili kazini au darasani.
- Huzuni karibu kila siku, na kujiona huna thamani.

Kukumbuka nyumbani kwa siku mbili tatu ni jambo la kawaida. Sonona ya msimu hutambulika kwa kurudi kwake: huanza Oktoba au Novemba, hupungua Machi au Aprili, na mwaka unaofuata huja tena. Huwapata zaidi wanawake na vijana. Kijana anaweza asiseme ana huzuni. Mtamwona ana hasira, hataki kuamka, na alama zake shuleni zinashuka.

Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta uchovu unaofanana na huu. Ndiyo maana vipimo vya hospitali ni muhimu.

Mwanga ni dawa, na una kipimo chake

Toka nje mchana hata kukiwa na mawingu. Mwanga wa nje siku ya mawingu huzidi mara nyingi ule wa taa za sebuleni, na theluji huuongeza kwa kuuakisi. Nusu saa ya kutembea kabla ya adhuhuri husaidia macho na mwili pamoja. Bibi au babu asiyeweza kutoka awekewe kiti karibu na dirisha, mapazia yakiwa wazi.

Ipo pia taa maalumu ya tiba. Nunua iliyoandikwa 10,000 lux na inayochuja miale ya urujuanimno. Iwashe mara tu baada ya kuamka, kwa takriban dakika 30 kila siku, ukikaa umbali ulioelekezwa na watengenezaji. Iwe mbele yako lakini usiikodolee macho. Kunywa chai au soma. Wengi huona nafuu ndani ya wiki moja au mbili. Usiitumie usiku, itakufukuzia usingizi.

Muone daktari kwanza ikiwa una ugonjwa wa macho, unatumia dawa zinazofanya ngozi au macho yaumizwe na mwanga, au umewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, kwani taa inaweza kuvichochea.

Chakula, vitamini na mitishamba

Hakuna haja ya kuacha ugali. Uongezewe maharage, mboga za majani na samaki. Pombe huonekana kufukuza huzuni jioni, lakini huiongeza kesho yake.

Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kutengeneza vitamini D, na jua la msimu wa baridi halitoshi. Uingereza hushauri mikrogramu 10 kwa siku katika miezi hiyo. Vitamini hii hulinda mifupa. Usiitegemee peke yake kutibu sonona.

Tahadhari na mmea unaouzwa madukani kwa jina la St John's wort. Hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI.

Maneno ya nyumbani

Usiseme: "Changamka, mbona wenzako wanaweza?" Sema: "Nimeona umebadilika tangu giza lianze. Twende tutembee kidogo, kisha tumpigie daktari pamoja."

Ndugu walio Afrika Mashariki au Kongo wanaweza kushangaa mtu aumwe na giza huko kwenye kazi na mshahara. Waelezeni kwa utulivu. Sala na dua ziendelee, hazizuii matibabu.

Hospitali

Daktari anaweza kupendekeza ushauri nasaha au dawa za sonona. Omba mkalimani. Marekani, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kisheria kumleta bila malipo. Usimfanye mtoto wako mkalimani. Maneno haya ni mazito kwake.

Usisubiri

Mtu akisema hataki kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake. Piga 988 Marekani na Kanada, 999 Uingereza, 112 Sweden na Ufini, 113 Norway.

Kalenda ya nyumba

- Septemba: muone daktari ikiwa mwaka jana uliumwa, tafuta taa.
- Oktoba: anza taa na matembezi, amka saa ileile kila siku, hata Jumapili.
- Novemba hadi Februari: pangeni kutembeleana kila wiki, na mwenye gari awachukue wengine.
- Machi: andika kilichokusaidia. Usiache dawa ghafla kwa kuwa jua limerudi; daktari ndiye atakayekupangia namna ya kuipunguza.