Zawadi Haiombi Msamaha



Likizo hii hapa Tarime nimemtengenezea mdogo wangu ulingo wa mieleka: ubao wa sentimita 30, misumari mirefu minne kwenye kona, kamba za katani mistari mitatu. Ulingo halisi una kama mita 6 kila upande. Ukweli ni kwamba tulikosana, nikataka zawadi iseme samahani badala yangu.

Yakobo naye alimtangulizia Esau mbuzi 220, ng'ombe na ngamia juu (Mwa 32). Lakini usiku ule, mtoni Yaboki, alishikwa mieleka mpaka alfajiri. Akatoka anachechemea, akatangulia mwenyewe, akainama mara 7. Esau akamkimbilia, akamkumbatia (Mwa 33).

Kesho naenda Mugumu. Samahani kwanza, ulingo baadaye. Wewe je, unamkwepa nani?