Neno "Sablimesheni" na Maana Zake
Neno hili latokana na Kilatini sublimare, yaani kuinua juu. Katika kemia ni yabisi kugeuka gesi bila kuwa kimiminika kwanza, kama naftalini inavyopungua kabatini bila kulowesha nguo. Al-Razi na wanakemia wenzake waliita kazi hii tas'id, kupandisha. Freud akalitumia neno hilo katika saikolojia: msukumo wa matamanio kuelekezwa kwenye sanaa au elimu. Kiarabu cha leo husema tasami kwa fani zote mbili, shina moja na samaa, mbingu.

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kijana asiyeweza kuoa afunge. Basi matamanio hayafutiki kwa kuyaonea haya, hutaka kuongozwa. Tuyaongoze kwa funga, swala na masomo, tukitakasa nia. Wabillahi tawfiq.