Colonia, Koloni na Ulowezi: Suala la Istilahi katika Akiolojia ya Cosa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna istilahi inavyoweza kumwelekeza mwanaakiolojia kabla hajaanza kuchimba. Istilahi yenyewe ni colonia ya Kilatini, ambayo Kiswahili kimeipokea kwa umbo la koloni kupitia lugha za Ulaya. Mfano unaochunguzwa ni Cosa, mji uliokuwa juu ya kilima cha Ansedonia, katika pwani ya Toscana nchini Italia. Mwaka 280 K.K. Warumi waliwashinda Waetruski wa Vulci na kuwanyang'anya sehemu ya pwani yao. Mwaka 273 K.K. waliasisi hapo koloni la Kilatini.

2.0 Maana ya istilahi

Neno colonia linatokana na kitenzi colere, yaani kulima, kukaa mahali, na pia kutunza au kuabudu. Colonus alikuwa mkulima. Katika Kiswahili, hata hivyo, mkoloni ni mtawala wa kigeni. Jembe halimo kabisa katika maana yake. Anayehamia nchi ya wengine na kukaa humo moja kwa moja anaitwa mlowezi, kutokana na kulowea. Kwa hiyo Kiswahili kinatenga mambo mawili ambayo Kilatini kiliyaweka katika neno moja: tendo la dola na maisha ya watu waliopelekwa kulima. Tofauti hiyo si ndogo mbele ya ushahidi wa Cosa.

3.0 Mji na mashamba yake

Uchimbaji wa Cosa ulianzishwa mwaka 1948 na American Academy in Rome chini ya Frank E. Brown. Ulifichua ukuta wa mawe makubwa wenye urefu wa kilomita 1.5 hivi, njia zinazokatana kwa mistari iliyonyooka, uwanja wa umma na mahekalu. Brown aliisoma Cosa kama Roma ndogo, mji uliobuniwa kwa mpango mmoja. Hata shimo lililopatikana mahali pa hekalu kuu alilifasiri kuwa ni la ibada ya kuasisi mji. Fasiri hiyo inalandana na maelezo ya Aulus Gellius, aliyeyaona makoloni kuwa mifano midogo ya Roma. Lakini Gellius aliandika katika karne ya 2 B.K., zaidi ya miaka 400 baada ya Cosa kuasisiwa, na ni vigumu kumkubali kuwa shahidi wa mambo ya mwaka 273 K.K.

Uchimbaji ulioongozwa na Elizabeth Fentress katika miaka ya 1990 ulitia shaka picha hiyo. Sehemu kubwa ya mji unaoonekana ni ya karne ya 2 K.K., baada ya walowezi wapya 1000 kuruhusiwa mwaka 197 K.K., kama anavyosimulia Livy. Kinachoitwa mpango wa waasisi, basi, kwa kiasi kikubwa ni kazi ya vizazi vilivyofuata.

Mashambani tatizo ni kubwa zaidi. Watafiti waliotembea Valle d'Oro na bonde la Albegna wakiokota vigae, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, walipata makazi machache mno ya karne ya 3 K.K. Jeremia Pelgrom amependekeza kwamba walowezi waliishi pamoja vijijini, si kila mmoja katika shamba lake. Wengine wanadai kuwa maskini hawakuwa na vyombo vyeusi vya kung'aa ambavyo hutumika kukadiria tarehe, hivyo hawaonekani. Hoja ya vijiji inaelekea kuwa na nguvu zaidi, kwani haihitaji umati wa watu wasioacha alama.

4.0 Wenyeji

Istilahi zote mbili, koloni na ulowezi, zinawaacha nje Waetruski wenyewe. Hapa isimu ina la kusema. Jina Cosa si la Kilatini. Wengi hulihesabu kuwa la Kietruski. Paestum, koloni lililoasisiwa mwaka huohuo kusini mwa Italia, nalo lina jina lililotangulia Kilatini. Majina hayo hayathibitishi kuwa wenyeji walibaki, lakini ni lazima mtu aliyatamke ili mgeni ayasikie. Kigae kilichookotwa Valle d'Oro, kwa upande wake, hakibainishi kama mwenye chungu alitoka Latium au alizaliwa hapohapo. Anayekiorodhesha chini ya "makazi ya kikoloni" amekwisha kulijibu swali hilo kabla ya kuliuliza.