Kisu Kwanza: Vifaa vya Kuanzia Nakshi ya Ngozi

Kwa wanafunzi wa ufundi wa Bwizibwera, Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale

Kwa nini tumeandika

Malalamiko yamezidi. Mtu anapata mtaji wa kuanzia, anakimbilia sanduku la chapa thelathini za kugongea ngozi, zinazong'aa, anafika nalo nyumbani na kukuta kisu kilichomo hakikati hata karatasi. Anakisukuma kwa nguvu, kinateleza, kinaingia kwenye kidole. Halafu lawama zinaletwa kwetu.

Tunajua pia yanayosemwa: kwamba tunawakataza watu kununua masanduku hayo ili tuwauzie yetu. Ofisi hii ya kuandikisha wanafunzi haiuzi kifaa chochote. Kijitabu tumekiandika kwa Kiswahili ili Mkongomani, Mrundi na Mnyankole wakae kwenye meza moja wakisome, na kwa hilo tunajipongeza.

Kisu butu ndicho kinachojeruhi

Wengi hudhani kisu kikali ndicho cha kuogopwa. Sivyo. Kisu cha nakshi kina shina linalozunguka na kitako juu ambapo kidole cha shahada hukaa. Unakivuta kuja kwako, huku dole gumba na vidole vingine vikikizungusha kufuata mchoro. Kikiwa kikali, hupita kwenye ngozi yenye unyevu bila kelele. Kikiwa butu hukwama, wewe unaongeza nguvu, na kinapochomoka kinaelekea pale unapokivutia: mkononi au pajani.

Kwa hiyo usikatie mapajani. Tunajua fundi viatu hufanya kazi yake magotini, na hatumfundishi kazi yake. Nakshi inataka meza imara na kipande cha jiwe bapa juu yake. Mkono unaoshika ngozi ukae pembeni, usiwe kwenye njia ya kisu.

Nunua kisu kimoja kizuri, chenye ubapa wa karibu sentimita 1, pamoja na kinoo laini. Kutoka kwenye kinoo, pitisha makali juu ya msasa namba 1000, kisha 2000, uliolazwa kwenye kioo. Malizia kwa kuyasugua kwenye ukanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia chuma, ukivuta kisu kinyumenyume. Rudi kwenye ukanda huo kila baada ya dakika chache za kazi, si mara moja kwa wiki.

Usimpelekee mnoaji wa mapanga mwenye jiwe la kuzunguka kwa kasi. Chuma kikipata moto hadi kikageuka buluu, ugumu wake umekwisha. Hata ukikinoa upya, makali hayatadumu.

Tunarudia: kisu kisichokata karatasi kwa kuteleza tu kisiguse ngozi.

Ukijikata, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, libane kwa kitambaa safi, uende kituo cha afya uulizie chanjo ya pepopunda. Usitie majivu. Usitie gundi ya viatu.

Vifaa vingine

Chapa mbili tatu zinatosha: moja ya kulaza ukingo wa mkato, moja ya kukandamiza usuli, na ya tatu upendavyo. Mafundi wa matandiko ya farasi wa Sheridan, Wyoming, ambao nakshi yao ya maua inaigwa duniani kote, walijichongea chapa kutokana na misumari. Tupa na msumari mnene vinapatikana hata Nakivale.

Gonga chapa kwa nyundo ya mti. Nyundo ya chuma hupasua kichwa cha chapa, na kibanzi kinaweza kuruka jichoni.

Ngozi yenyewe

Hapa watu hupoteza fedha nyingi. Ankole ina ng'ombe wa kujivunia, lakini ngozi nyingi za Uganda hutiwa dawa ya kromiamu, na hiyo haishiki nakshi. Tafuta iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama miwati, yenye unene wa milimita 3 hivi. Dondoshea tone la maji: inayofaa hulinywa na kugeuka nyeusi kidogo. Ikandamize kwa ukucha. Alama ikibaki, nunua. Ukingo uliokatwa ukiwa na rangi ya kijivu au buluu, iache. Na vipande vya ngozi hiyo ya kromiamu visichomwe jikoni: moto unaweza kuigeuza kromiamu kuwa ya aina yenye sumu kali.

Nani anaruhusiwa kujiandikisha

Raia na mkimbizi, wote. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara. Njoo na kitambulisho cha taifa, au karatasi ya familia kama wewe ni mkimbizi. Masharti mengine utaelezwa dirishani.

Njoo na kisu chako pia. Karatasi ya kukijaribia iko mezani, na ambaye kisu chake kitaichana badala ya kuikata atakaa kwanza kwenye kinoo, ndipo jina lake liandikwe.