Plota ya Kalamu: Pima Kabla ya Kulipa

Plota ya kalamu ni mashine inayoshika kalamu halisi na kuipitisha juu ya karatasi kwa maelekezo ya kompyuta. Printa hujenga picha kwa vidoti vingi vya wino, ilhali plota huvuta mstari mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, kama afanyavyo mchoraji mwenye rula. Katika miaka ya 1980, programu ya AutoCAD ilipokuwa ikienea, ofisi nyingi za wasanifu majengo zilichora ramani zao kwa mashine za aina hii. Leo mashine hizo hupatikana zaidi zikiwa zimekwisha kutumika, na huwavutia wanafunzi wa usanifu, wachoraji ramani na mafundi wanaotafuta mstari safi kwa gharama nafuu.

Dukani, muuzaji huwasha plota na kubonyeza vitufe, nayo hujichorea mchoro wa majaribio uliohifadhiwa ndani yake. Mnunuzi huridhika na kulipa. Mchoro huo huthibitisha kwamba mota na kalamu zinafanya kazi. Hauthibitishi kwamba plota inaelewana na kompyuta, wala kwamba vipimo vyake ni sahihi. Somo hili linaeleza namna ya kuyathibitisha mambo hayo mawili kabla fedha haijatoka mkononi.

1. Umeme

Soma kibandiko kilicho nyuma ya mashine. Plota iliyotoka Marekani huenda imepangwa kwa volti 120, ilhali umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Baadhi ya mashine zina sehemu ya kubadilishia volti. Nyingine huhitaji transfoma. Usikubali mashine ichomekwe kabla jambo hili halijabainika.

2. Waya na mipangilio

Plota nyingi za zamani huunganishwa kwa mlango wa siriali, ambao kompyuta nyingi za sasa hazina. Utahitaji kiunganishi cha kutoka USB kwenda siriali, pamoja na waya unaolingana na plota yenyewe. Nyaya za siriali hufanana kwa nje lakini hutofautiana kwa ndani, kwa hiyo mwombe muuzaji akupatie waya uleule uliotumika na mashine hiyo.

Mipangilio ya pande zote mbili lazima ilingane: kasi ya mawasiliano, kwa mfano 9600, idadi ya biti, na pariti. Katika plota kama HP 7475A, mipangilio hii huwekwa kwa swichi ndogo zilizo nyuma ya mashine, na swichi nyingine huchagua ukubwa wa karatasi, A4 au A3. Ukibadilisha swichi, zima mashine kisha uiwashe upya.

Lipo jambo moja linalowapotosha wengi. Plota huchora polepole kuliko kompyuta inavyotuma maelekezo. HP 7475A ina kumbukumbu ya muda ya baiti 1,024 tu. Kwa kasi ya 9600, nafasi hiyo hujaa kwa muda wa sekunde moja hivi. Ni lazima plota iweze kuiambia kompyuta isubiri. Utaratibu huo usipowekwa sawa, mchoro mdogo hutoka vizuri, lakini mchoro mkubwa hupoteza mistari au kalamu hukimbia ovyo katikati ya kazi. Kwa sababu hiyo, jaribio la mchoro mdogo pekee halitoshi.

3. Lugha ya mashine

Plota nyingi hupokea maelekezo kwa lugha iitwayo HP-GL. Muulize muuzaji mashine yake inatumia lugha gani, kisha hakikisha programu yako ina kiendeshi cha lugha hiyo. Inkscape, ambayo haina malipo, inaweza kutoa faili za HP-GL.

4. Skeli

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Kwa kawaida plota haiwezi kuchora hadi ukingoni mwa karatasi. Eneo lake la kuchorea ni dogo kuliko karatasi yenyewe. Programu nyingi zina chaguo la kupunguza mchoro ili utoshee eneo hilo. Chukua ukuta wa mita 12 katika skeli ya 1:100: karatasini unapaswa kuwa na milimita 120. Programu ikiupunguza kwa asilimia 5, utatoka na milimita 114, na fundi atakayeupima kwa rula atasoma mita 11.4. Sentimita 60 zimepotea, na karatasi bado inasema 1:100. Ondoa chaguo hilo, chagua milimita, na uandike skeli mwenyewe.

5. Majaribio mawili

Nenda na kompyuta yako, rula ya chuma na kalamu mpya, kwa kuwa kalamu iliyokauka huficha ubora wa mashine.

Kwanza, chora mraba wenye pande za milimita 100 kwa skeli ya 1:1. Pima upana, urefu na mishazari yote miwili; kila mshazari uwe na takriban milimita 141.4. Mishazari ikitofautiana, mraba umepinda.

Pili, tuma ramani kamili yenye mistari mingi na usubiri hadi imalizike. Kagua kama mistari imekamilika na kama pembe zinakutana.

6. Haki yako

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemjulisha muuzaji matumizi anayoyakusudia na kuutegemea ujuzi wake, iwapo muuzaji huyo hufanya biashara ya bidhaa za aina hiyo. Basi usitaje jina la mashine pekee. Omba risiti iandikwe kwamba plota imenunuliwa kwa ajili ya kuchora ramani kwa vipimo kutoka kwenye kompyuta. Kumbuka pia kwamba aliyekwisha kukagua bidhaa huweza kukosa nguvu ya kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Kagua kwa makini, au usidai kwamba umekagua.

Hifadhi risiti pamoja na karatasi za majaribio, zikiwa na tarehe na saini ya muuzaji. Mgogoro ukitokea, karatasi hizo ndizo zitakazosema kwa niaba yako.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mchoro wa majaribio uliomo ndani ya plota hautoshi kuwa uthibitisho?
2. Mchoro mdogo umetoka vizuri, mkubwa umeharibika. Utakagua nini kwanza?
3. Ukuta wa mita 8 katika skeli ya 1:50 unapaswa kuwa na milimita ngapi karatasini?

Jibu la swali la tatu ni milimita 160.