Nyimbo za uzalendo: Zinatuunganisha au zinatuchuja?

KILA inapozuka hoja ya umoja wa kitaifa, haupiti muda kabla mtu hajasimama na kusema kwamba dawa ni watoto wafundishwe nyimbo za uzalendo. Dai hilo linapendeza, na wengi tunalipokea bila kuliuliza swali. Sisi tuliosoma shule za msingi wakati wa mchakamchaka tunaijua raha ya kuimba pamoja asubuhi na mapema, hatua kwa hatua, mpaka mtu anasahau kwamba hajanywa hata uji. Kwa hiyo sina nia ya kudharau nguvu ya wimbo. Ninachotaka katika makala haya ni tuuchunguze wimbo mmoja ambao kwa zaidi ya miaka mia moja umekuwa ukiwaunganisha watu na kuwatenganisha, ndani ya nchi ile ile. Wimbo huo ni Vande Mataram wa India.

Nimeuchagua huo kwa sababu mgogoro wake unawagusa Waislamu moja kwa moja, tena Waislamu wengi mno. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu Waislamu zaidi ya milioni 170. Na wala si mgogoro wa kale uliokwisha, kwani Desemba 2025 Bunge la nchi hiyo lilikaa kuujadili wimbo huo, na wabunge wakarushiana maneno makali.

Kwanza tuwekane sawa. Nikisema Wahindi nina maana ya wananchi wa India wa dini zote. Nikisema Wahindu nakusudia wafuasi wa dini ya Kihindu, wale ambao wazee wetu wa pwani waliwaita Mabaniani. Muislamu wa Delhi ni Mhindi, lakini si Mhindu. Tofauti ni ya herufi moja tu, na ndiyo mada yenyewe.

Wimbo huo ulitungwa katika miaka ya 1870 na Bankim Chandra Chattopadhyay, Mbengali aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Waingereza. Baadaye aliuingiza katika riwaya yake ya Anandamath, iliyotoka kama kitabu mwaka 1882. Jina lake ni la Kisanskriti. Wapo wanaolitafsiri "Mama, nakusalimu" au "Mama, nakusifu", na wapo wanaosema maana yake hasa ni "Mama, nakuinamia" au "nakusujudia". Mama anayetajwa ni nchi. Beti mbili za mwanzo zinaisifu ardhi kwa maji yake mengi, matunda yake, upepo wake na usiku wake wa mbalamwezi. Lakini ukiendelea mbele, yule mama anageuka. Anakuwa Durga, mungu wa kike wa Wahindu mwenye silaha katika mikono yake kumi, kisha anatajwa pamoja na Lakshmi na Saraswati. Na riwaya yenyewe inasimulia watawa wa Kihindu wanaopigana dhidi ya utawala wa Waislamu wa Bengal, wimbo huu ukiwa midomoni mwao.

Ndugu msomaji, ukiishia hapa utadhani kesi imekwisha. Haijaisha, na si haki kuifunga kabla upande wa pili haujasikilizwa.

Mwaka 1905 gavana mkuu wa Kiingereza, Lord Curzon, aliikata Bengal vipande viwili. Watu waliingia mitaani, wakasusia nguo za Kiingereza, na maneno mawili ya wimbo huu yakawa ndiyo sauti ya maandamano. Waingereza waliyapiga marufuku sehemu kadhaa na waandamanaji wakala virungu kwa ajili yake. Septemba 1942, bibi mmoja wa zaidi ya miaka 70, Matangini Hazra, aliongoza maandamano kuelekea Tamluk akiwa ameshika bendera. Polisi wakampiga risasi, akafa huku akiyatamka maneno hayo. Mwambie leo Mbengali aliyelelewa kwa kisa hicho kwamba wimbo wake ni shirki, atakuona unamtukana marehemu. Yeye hasikii Durga pale. Anasikia damu.

Tena wapo Waislamu waliosimama naye. Wakati wa harakati za Khilafat, baada ya mwaka 1919, Waislamu na Wahindu walikusanyika pamoja, na katika mikutano ile ile zilisikika Allahu Akbar na Vande Mataram. Hebu tujiulize, ilikuwaje maneno yaliyovumiliwa mwaka 1920 yakawa hayavumiliki mwaka 1937? Wimbo haukubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni nani anauimba, na akiwa wapi.

Mwaka 1937 chama cha Congress kiliunda serikali katika majimbo mengi ya India. Wimbo uliokuwa wa watu wanaopigwa virungu sasa ukaanza kuimbwa kufungua mabaraza ya kutunga sheria na kusikika mashuleni. Mtu anaweza kujiunga na wimbo wa anayepigwa kwa hiari yake, bila kupima kila neno, kwa sababu anachounga mkono ni ule msimamo. Lakini wimbo wa anayetawala humfikia kama amri, na amri lazima ipimwe neno kwa neno. Wazazi Waislamu wakauliza mtoto wao anaambiwa amsujudie nani. Muslim League ikalalamika kwa nguvu.

Hapa kuna jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Jawaharlal Nehru alimwandikia mshairi Rabindranath Tagore kumtaka ushauri. Tagore hakuwa mtu wa kando, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyeuimba wimbo huo katika mkutano wa Congress mwaka 1896. Pamoja na hayo alijibu kwamba sehemu ya mwanzo inaweza kusimama peke yake, lakini wimbo mzima, ukisomwa pamoja na riwaya yake, unaweza kuwaumiza Waislamu. Mshairi Mhindu, mpenzi wa wimbo, alijiweka mahali pa jirani yake. Mwisho wa Oktoba 1937 Kamati ya Utendaji ya Congress, ambayo Maulana Abul Kalam Azad alikuwa mjumbe wake, iliamua kwamba mikutanoni zitaimbwa beti mbili za mwanzo tu. Jinnah hakuridhika, na mwaka 1938 alidai wimbo uachwe kabisa. Baada ya miaka tisa nchi ikagawanyika.

Tarehe 24 Januari 1950 Rajendra Prasad alilitangazia Bunge la Katiba kwamba wimbo wa taifa utakuwa Jana Gana Mana wa Tagore, na Vande Mataram utapewa heshima sawa nao. Ukawa si wimbo wa taifa, lakini ukabaki pembeni yake, na kila baada ya miaka kadhaa mtu huuchukua na kuutumia kama kipimo. Mwaka 2006 serikali ilitaka shule ziimbe beti mbili tarehe 7 Septemba. Ulamaa walipopinga, waziri wa elimu Arjun Singh akasema ni hiari, na wapinzani wake wa BJP wakageuza suala hilo kuwa la nani anaipenda nchi. Novemba 2009 Jamiat Ulama-i-Hind, katika mkutano wake huko Deoband, ikaazimia kwamba Muislamu asiuimbe. Novemba 2025, wimbo ulipotimiza miaka 150 kwa hesabu yao, Waziri Mkuu Narendra Modi alisema kwamba kuzikata zile beti mwaka 1937 kulipanda mbegu ya kuigawa nchi. Yaani kosa si la aliyelazimisha, ni la aliyepunguza ili jirani naye apate kuimba! Sikubaliani naye hata kidogo.

Sasa turudi kwenye dini. Hoja ya Deoband inasimama juu ya neno moja, sijda. Katika Sura Fussilat, aya ya 37, tumekatazwa kulisujudia jua na mwezi, na tumeamrishwa kumsujudia aliyeviumba. Kama jua halisujudiwi, ardhi inayopata mwanga wake itasujudiwa vipi? Hilo halina mjadala. Lakini wapo wanaovuka mpaka na kusema kuipenda nchi nako ni kasoro ya imani. Hapo wanakosea, kama wanavyokosea wale wanaotuletea kila siku ya sherehe usemi kwamba kuipenda nchi ni sehemu ya imani wakiuita hadithi ya Mtume. Wanazuoni wa hadithi wamekwisha kusema hauna asili. Lakini kuna riwaya katika Tirmidhi kwamba Mtume (s.a.w.), alipokuwa akiiaga Makka, aliiambia kuwa asingetoka lau watu wake wasingemtoa. Mapenzi ya mji wa mtu yapo, na yana uchungu. Kinachokataliwa ni kuyageuza ibada.

Na kwamba yanaweza kusemwa bila ya ibada, ushahidi upo huko huko Bara Hindi. Mwaka 1904 Muhammad Iqbal, Muislamu, aliandika kwa Kiurdu shairi la kuisifu India ambalo hadi leo bendi za jeshi la India hulipiga, ingawa yeye ndiye baadaye aliyehesabiwa kuwa baba wa fikra ya Pakistan. Mwaka 1984 Rakesh Sharma, Mhindi wa kwanza kwenda anga za juu, alipoulizwa na Indira Gandhi India inaonekanaje kutoka huko, alimjibu kwa mshororo wa kwanza wa Iqbal. Hakuna aliyemuuliza kwa nini anamnukuu Muislamu. Mwaka 1997, uhuru ulipotimiza miaka 50, mwanamuziki A. R. Rahman, naye Muislamu, aliitengenezea nchi yake wimbo ambao katika jina lake aliweka neno salaam. Mama akabaki, lakini akapewa salamu. Bangladesh nako, nchi yenye Waislamu wengi, wimbo wa taifa ni shairi la Tagore la mwaka 1905 linaloiita Bengal mama. Wapo waliotaka libadilishwe mwaka 2024, na mshauri wa mambo ya dini wa serikali ya mpito akasema hakuna mpango huo. Kwa hiyo tatizo si kumwita mtu au nchi mama. Tatizo ni mama huyo anataka nini kwako.

Tuseme basi maneno yote yamesafishwa, hakuna Durga, hakuna sijda. Je, wimbo utawaunganisha watu kwa hakika? Hapa ndipo Jana Gana Mana, ambao karibu kila Mhindi anaweza kuuimba, unatufunza. Oktoba 2016 katika jumba moja la sinema huko Goa, mwandishi mmoja mlemavu anayetumia kiti cha magurudumu alipigwa na watazamaji kwa sababu hakusimama wimbo ulipopigwa. Mtu asiyeweza kusimama alipigwa kwa kutosimama. Mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ikaagiza wimbo upigwe katika kila sinema na watu wote wasimame, na Januari 2018 ikaibadili amri hiyo na kuifanya hiari. Ukiufanya wimbo kuwa kichujio, hata wimbo safi utachuja, na watakaobaki juu ya chujio ni wanyonge kwanza.

Mahakama hiyo hiyo, mwaka 1986, ilikuwa imekwisha kuliona jambo hili vizuri zaidi. Watoto watatu wa familia moja ya Mashahidi wa Yehova katika jimbo la Kerala walifukuzwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa, ingawa kila siku walisimama kwa adabu wenzao walipoimba. Mahakama ikasema kusimama kwa heshima kunatosha na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuimba, ikaamuru warudishwe.

Huenda msomaji akaniuliza, yote hayo yanatuhusu nini sisi ambao wimbo wetu wa taifa ni dua? Ni kweli. Wimbo uliotungwa na Enoch Sontonga mwaka 1897 huko Afrika Kusini, mwalimu katika shule ya misheni ya Kimethodisti, umetufikia kwa Kiswahili ukimwomba Mungu, na neno Mungu kwa Kiswahili halina mwenyewe. Muislamu analitaja na Mkristo analitaja, kila mmoja akijua anamwomba nani. Ndiyo maana tunauimba tangu 1961 bila ugomvi kati yetu. Hiyo ni bahati, tena bahati ya lugha.

Lakini tumepata na sisi watoto wa Kerala. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova walioondolewa shule kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Nimewahi kuwasikia Waislamu wenzangu wakiinung'unikia hukumu hiyo kwa hoja kwamba wale ni watu wakorofi, wimbo una ubaya gani? Nami huwauliza: Mhindu wa Delhi anayemtazama mtoto wa Deoband akiwa kimya, si ndivyo naye anavyosema? Wimbo una ubaya gani? Hatuwezi kuidai haki ile India na kuinung'unikia Mbeya. Mimi imani ya Mashahidi wa Yehova siikubali na sababu zao za kutoimba hazinishawishi, lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mtoto wao ni mlango ambao mtoto wangu anaweza kuuhitaji kesho, kwa wimbo mwingine ambao haujatungwa bado.

Lile azimio la Congress la mwaka 1937 lina sehemu ya pili ambayo wanaogombania zile beti, wa pande zote mbili, hawaitaji mara nyingi. Baada ya kusema zitaimbwa beti mbili tu, lilisema pia kwamba waandaaji wa mkutano wako huru kabisa kuimba wimbo mwingine wowote usio na ubaya, ama pamoja na Vande Mataram, ama mahali pake.