Dondoo muhimu: Taimingi kwanza, ramani baadaye

Anayefunga kompyuta mpya ya injini huharakia ramani ya petroli, ilhali kazi ya kwanza ni taimingi. Kompyuta haioni pistoni. Hukadiria zilipo kwa kusoma sensa ya krenki na namba uliyoandika kwenye programu. Ukikosea namba hiyo kwa digrii 10, kila cheche itakosewa kwa digrii 10, na skrini itazidi kuonyesha kwamba mambo ni shwari. Kwa hiyo igandishe taimingi kwenye programu, tuseme digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, kisha mulika puli ya krenki kwa taa ya taimingi. Alama na skrini zisipokubaliana, rekebisha, kisha pandisha mizunguko upime tena.

Wapo watakaosema kompyuta za kuchomeka moja kwa moja huja na ramani tayari. Kweli, ila hiyo ni ya kuwashia gari. Haijui kwamba umebadilisha nozeli. Ukifika kwenye ramani, wengine huona sensa ya oksijeni ya masafa mapana ni anasa, kwa kuwa gari lina yake. Ile ya magari mengi ya zamani hutambua tu kama mchanganyiko wa hewa na petroli uko juu au chini ya 14.7 kwa 1. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, injini nyingi za petroli hutaka karibu 12.5, na hapo haina la kukuambia. Sensa ya masafa mapana ni rahisi kuliko pistoni mpya, sembuse injini nzima.

Na unapoifunga kompyuta, ethi yake iwekwe kwenye injini yenyewe, si kwenye bodi iliyopakwa rangi.